Vyuma vya Gofu na Mkono wa Mwenye Kuvishika

Mtu akiuacha Mnara wa Saa nyuma yake akashika Mtaa wa Uhuru kuelekea Mnazi Mmoja, huikata Mchafukoge katikati ya maduka ya kanga, vitenge, mabegi na vyombo vya umeme, na punde si punde huwa yu mlangoni mwa Kariakoo. Na mtu huyo huyo, lau angeuelekeza uso wake upande wa bahari, angefika kwa mwendo mfupi wa miguu Barabara ya Ghana, penye viwanja vya Klabu ya Gymkhana, ambako watu huupiga mpira mdogo mweupe kwa fimbo ndefu tangu zama za utawala wa Waingereza. Walioupanga mji huu wa Dar es Salaam, Wadachi kwanza na Waingereza baadaye, waliugawa mafungu matatu, Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, wakauacha Mnazi Mmoja wazi uwe mpaka, na gofu ikahesabiwa kuwa burudani ya fungu la kwanza peke yake. Mpaka huo umekwisha kufutika. Siku hizi katika orodha ya washindani waweza kuliona jina la hakimu, la mwenye duka la vitambaa, la askari aliyejifunzia Lugalo katika uwanja wa Jeshi la Wananchi, na la kijana aliyeanza kwa kubeba mikoba ya wengine. Kinachowatenga watu leo ni bei ya vifaa, maana mchezo huu ni ghali, na ndani ya ughali huo sijaona mahali ambapo fedha hupotea bure kama katika ununuzi wa vyuma.

Kwa msomaji ambaye hajapata kukanyaga kiwanja cha gofu, yafaa kueleza kwanza. Kanuni humruhusu mchezaji kuchukua fimbo zisizozidi 14 katika mkoba wake, wala hazikuweka kima cha chini, hata mwenye fimbo tano aweza kucheza mashimo yote 18 kwa halali kabisa. Zimo fimbo za vichwa vikubwa za kuanzia, ambazo bado huitwa mbao ijapokuwa zimefanywa kwa metali. Imo pata, ya kuusukumia mpira shimoni. Na baina ya hizo ndipo vilipo vyuma, vyenye vichwa vyembamba na namba zilizochapwa chini, tangu 3 au 4 hata 9, vikifuatwa na weji za kupigia mpira wa karibu na ule uliozama mchangani. Namba ikipanda, uso wa chuma hulala zaidi nyuma, mpini hupungua kwa takribani nusu inchi, na mpira hupaa juu zaidi ukatua karibu zaidi. Mchezaji humwambia kedi wake, yaani mbeba mkoba, “Nipe saba,” na wote wawili wameelewana, au hudhani wameelewana, kama tutakavyoona.

Vichwa vya vyuma ni vya jinsi mbili kubwa, na katikati yake pana daraja nyingi. Jinsi ya kwanza ni ya kale: kipande kimoja cha chuma laini kilichofuliwa, chembamba, mgongo wake umejaa, uzito umekusanyika nyuma ya kitovu cha uso, wachezaji hukiita bledi. Stadi akikipiga, mpira ukakutana na kitovu barabara, mkono hupata raha isiyo kifani, na mpira hutii, ukapinda kulia au kushoto kadiri alivyokusudia. Walakini mpira ukiguswa sentimeta moja nje ya kitovu, kichwa husokotwa na mgongano ule, na mpira huenda upande, tena umepungukiwa mwendo. Jinsi ya pili ilipata nguvu kwa kazi ya Karsten Solheim, mzaliwa wa Bergen nchini Norwei mwaka 1911 aliyekulia Marekani, mhandisi wa kampuni ya General Electric ambaye alianza gofu akiwa mtu mzima na kuchukizwa na vifaa alivyovikuta. Yeye aliuchimba mgongo wa kichwa, akauhamisha uzito wake kuupeleka pembezoni, kwenye kisigino kilicho upande wa mpini na kwenye kidole kilicho ncha ya pili, ili kichwa kisisokoteke upesi mpira unapokosa kitovu. Vyuma vyake viitwavyo Ping Eye2, vilivyotoka mwaka 1982, vilienea pande zote za dunia, na karibu kila chuma wauziwacho wanaojifunza leo kimeirithi fikra ile.

Hapa ndipo ghururi huingia. Bledi ina haiba. Ukiiweka chini nyuma ya mpira, ncha yake ya juu ni nyembamba kama inayostahiki mkono wa bingwa, ilhali chuma cha kujifunzia ni kinene, soli yake pana, na uso wake umerudishwa nyuma ya shingo kidogo ili kumpa mpigaji wasaa wa kuunyoosha kabla ya kugusa mpira. Basi mtu mwenye handikapu ya 24, yaani aliyekadiriwa kuhitaji mikwaju 24 zaidi ya kima cha kiwanja ili kuimaliza duru yake, hununua bledi kwa kuwa amemwona Tiger Woods akizitumia katika televisheni, na tangu siku hiyo kila kosa la mkono wake hulipiwa mara mbili. Nasema bila kumung'unya maneno: aliye divisheni C, kundi la wenye handikapu kubwa, hana haja ya bledi hata akipewa bure, na wengi walio divisheni B pia hawana. Handikapu, ambayo tangu mwaka 2020 hupimwa kwa utaratibu mmoja ulimwenguni na kufika hata 54, ni kipimo cha matokeo. Kipimo cha chuma ni mahali unapougusa mpira. Chukua chuma chochote, uupake uso wake poda nyepesi, piga mipira kumi, na kila mara utazame alama. Zikikaa zote katika duara la ukubwa wa sarafu, una uhuru wa kuchagua upendacho. Zikitawanyika tangu shingoni hata kidoleni, kama zilivyo za wengi wetu, chagua kichwa chenye mgongo uliochimbwa na soli pana, wala usione haya, kwa maana wako wachezaji wa kulipwa wengi ambao vyuma vyao virefu ni vya jinsi hiyo hiyo.

Vyuma virefu vyenyewe, namba 3 na 4, na kwa wengine hata 5, ningemshauri anayeanza aviache kabisa. Uso wao umesimama sana, na mpira haupai ila ukipigwa kwa kasi ambayo mwanafunzi hana. Mahali pao pamechukuliwa na haibridi, fimbo yenye kichwa kinene cha mviringo na mpini mfupi kuliko wa mbao, ambayo huunyanyua mpira hata kutoka kwenye majani yasiyofyekwa. Mtu akiwa na haibridi moja, namba 7, namba 9, weji mbili na pata, ana fimbo za kumtosha mwaka mzima wa kujifunza, na bega la kedi wake litamshukuru.

Sasa turudi kwa ile “saba” ya mchezaji na kedi wake. Namba iliyochapwa chini ya chuma haina sheria inayoifunga. Kilicho hakika ni pembe ya uso, inayopimwa kwa digrii, na pembe hiyo imekuwa ikikazwa mwaka hata mwaka na viwanda vinavyoshindana kumwambia mnunuzi kwamba saba yao huenda mbali kuliko saba ya jirani. Saba za miaka ya 1980 aghalabu zilikuwa na digrii 35 au 36. Saba nyingi za wanaojifunza zitokazo leo zina 28 hata 30, yaani zimeikaribia tano ya zamani zile. Hadaa hii si mbaya yote, kwa sababu uzito wa vichwa vya leo umeshushwa chini na mpira hupaa licha ya uso kusimama. Lakini humharibia mtu aliyeukusanya mkoba wake kipande kipande, kwa kuwa huenda akabeba saba ya mwaka huu na tano ya miaka 40 iliyopita, akazipiga zote mbili, na mpira ukatua mahali pamoja. Amelipia fimbo mbili, anayo moja. Kati ya chuma na chuma pembe zipishane kwa digrii 4 hivi, na kiwanjani tafauti ya mwendo iwe yadi 10 hata 15. Palipo na pengo kubwa zaidi ya hilo pana fimbo inayokosekana, na pasipo na pengo pana fimbo ya ziada.

Jambo hili lina uzito kwetu kuliko kwa mchezaji wa Ulaya, kwa sababu vifaa vya gofu havitengenezwi hapa nchini, maduka yake mapya ni machache na bei zake ni za kutisha, na wengi huanza na vilivyokwisha kutumiwa: vya mtu anayehama, vya mwanachama aliyenunua vipya, au vilivyoletwa pamoja na mitumba mingine. Kuvinunua si aibu. Wala chuma, tafauti na shati, hakichakai upesi. Ila kinataka jicho. Muuzaji atakwambia, “Orijino hii, bosi wangu, imetoka Uingereza juzi,” nawe huna sababu ya kubishana naye. Mwitikie kwa jamala, kisha uchukue chuma kimoja kimoja mkononi. Kinyanyue usawa wa jicho, ufumbe jicho la pili, utazame mpini tangu mshikoni hadi shingoni: ukiona tumbo au kibonyeo, kirudishe, kwani mpini wa chuma uliopinda haunyooshwi ukawa kama ulivyokuwa. Kitikise karibu na sikio: kikilia ndani, gundi imeachia au uzito wa ndani umelegea. Itazame ile pete ndogo ya plastiki inayoziba maungio ya kichwa na mpini. Ikiwa imepanda na kuacha mwanya, kichwa kimeanza kutoka, na siku moja kitaruka mbali kuliko mpira.

Kisha kigeuze, usome kilichoandikwa na matumizi. Usoni utaona doa la chuma kilichosuguliwa, na doa hilo husema habari za mwenye chuma wa kwanza: likiwa dogo na katikati, alikuwa fundi; likiwa kisiginoni, umepata chuma cha mwenzako katika taabu. Chini ya soli kadhalika. Soli iliyolika upande wa shingo huonyesha kwamba chuma kilikuwa kikigusa ardhi kidole kikiwa juu, yaani kimesimama mno kwa mtu yule. Iliyolika upande wa kidole, kimelala mno. Pitisha ukucha katika mifereji midogo ya uso. Usipokwama hata kidogo, mifereji imekwisha, na mpira hautapata mzunguko wa kuusimamisha ukitua. Katika namba 5 jambo hilo lavumilika, katika weji halivumiliki. Mwisho linganisha seti nzima: maandishi yawe ya mkono mmoja, rangi iliyotiwa katika herufi isivuke ukingo, mipini iwe na lebo moja, na uzito upande kwa ulinganifu kutoka chuma kirefu kwenda kifupi. Vyuma vya bandia vimeenea duniani, na ijapokuwa tunayo Tume ya Ushindani yenye dhamana ya kupambana na bidhaa bandia, mkaguzi hatasimama nawe kila unapofungua pochi.

Wengi hukitazama kichwa wakausahau mpini. Hadi mwaka 1929, klabu ya St Andrews iliyokuwa ikizilea kanuni za mchezo huu ilipoikubali mipini ya chuma, mipini aghalabu ilikuwa ya mti wa hikori, na kila mmoja ulikuwa na tabia yake. Leo mtu ana hiari baina ya chuma, ambacho aghalabu huwa na uzito wa gramu 95 hata 130, na grafaiti, ambayo yaweza kushuka hata chini ya gramu 70. Zaidi ya uzito pana ugumu, unaoandikwa kwa herufi: L na A kwa mipini laini, R kwa ya kawaida, S kwa migumu, X kwa migumu mno. Herufi hizo nazo hazina mizani moja, R ya kiwanda hiki ikawa S ya kiwanda kile. Kanuni ya kutegemea ni kasi ya mkono. Mzee aliyestaafu, au mtu yeyote ambaye saba yake haifiki yadi 120, atafaidika na mpini mwepesi na laini zaidi kuliko anavyodhani, na kijana mwenye mabega ya kupakia magunia Kariakoo atauona mpini huo ukimpotezea mpira kushoto na kulia. Nao wanawake wasiuziwe seti kwa kuwa tu imeandikwa ya wanawake: Madina Iddi na Hawa Wanyeche, walioliwakilisha taifa letu katika mchezo huu, hawapimwi kwa mizani moja na mwanamke aliyeanza mwezi uliopita, na mwanamume mwenye mkono wa polepole aweza kukuta seti hiyo hiyo ndiyo iliyomkaa vema.

Tumefika katika kurekebisha. Hapa Mchafukoge, mitaa michache kutoka lilipo soko, utamkuta fundi cherehani ambaye hathubutu kutia mkasi kitambaani kabla ya kupitisha utepe begani, kifuani na mkononi. Mchezaji wa gofu hununua suti iliyokwisha kushonwa kwa mwili wa mwingine, akalaumu mwili wake. Vipimo vya chuma ni vichache na vyaeleweka. Urefu kwanza: namba 7 yenye mpini wa chuma aghalabu ni inchi 37, na hurefushwa au kupunguzwa kwa robo au nusu inchi, si kwa kimo cha mtu peke yake, bali kwa umbali kutoka kifundo cha mkono hadi sakafuni asimamapo wima mikono imening'inia. Warefu wenye mikono mirefu hushangaa kuambiwa kwamba fimbo ya kawaida yawatosha.

Cha pili ni mlalo, yaani pembe baina ya mpini na ardhi soli ikiwa imetulia, nacho ndicho kipimo chenye faida kubwa na kinachojulikana kidogo. Kwa mtumia mkono wa kulia, chuma kilichosimama mno humwinulia kidole na kuugeuza uso kushoto, mpira ukaenda kushoto hata mkono usipokosea. Kilicholala mno huupeleka kulia. Digrii moja tu katika namba 7 yaweza kuupeleka mpira yadi 3 au 4 kando ya bendera, na kadiri uso unavyolala ndivyo upotovu unavyoongezeka, kiasi kwamba weji ndiyo inayoumia zaidi. Kusimama mbele ya kioo hakutoshi, kwa sababu katika kasi ya pigo mpini hupinda kidogo na kidole hushuka. Lazima chuma kipimwe kinapopiga. Ukimwendea kedi wa makamo ukamwambia, “Shikamoo, mzee wangu, nitazamie mlalo wa hiki,” atakuitikia marahaba na kukuomba kalamu ya wino mzito. Atachora mstari mmoja ulionyooka katika mpira, auweke chini mstari ukiwa wima na umeuelekea uso wa chuma, akuambie piga. Wino utahamia usoni. Ukiikata mifereji kwa pembe mraba, chuma kimekuafiki. Kilele cha mstari kikiinamia kidole, chuma kimesimama mno. Kikiinamia shingo, kimelala mno. Piga mara tano au sita kabla ya kutoa hukumu, kwa kuwa pigo moja ni shahidi dhaifu.

Kuukunja mlalo, au pembe ya uso, ni kazi ya mashine maalumu inayokibana kichwa na kuisogeza shingo taratibu chini ya kipimo. Vyuma vilivyofuliwa kwa chuma laini hukubali digrii mbili tatu bila manung'uniko; vilivyomiminwa katika kalibu kwa chuma cha pua ni vigumu, na fundi mwenye insafu hatakwenda mbali zaidi ya digrii moja au mbili, akihofia kukatika. Nayo kila digrii inayokazwa katika uso huipunguzia soli digrii moja ya ule mteremko unaoizuia isichimbe ardhi, hata mtu anayeongeza yadi nne upande mmoja hujipatia ugonjwa mwingine upande wa pili. Sasa wapo mafundi wa Gerezani ambao ustadi wao katika kuchomelea na kunyoosha vyuma hauna mfano mjini, na jirani aweza kukushauri umpelekee mmoja wao fimbo zako. Nawaheshimu sana mafundi hao, lakini jiko na jiliwa si zana za kazi hii: moto huiyeyusha gundi iliyoshika mpini, nikeli na kromu hupasuka, na shingo iliyokunjwa kwa nyundo haina kipimo wala haifanani na jirani yake. Bora chuma kisichokufaa kwa digrii mbili kuliko seti yenye milalo saba mbalimbali.

Mshiko hauhitaji mahubiri. Ukiukunja mkono wa kushoto juu yake, ncha za vidole viwili vya kati ziguse tu nyama ya chini ya gumba. Zikizama, mshiko ni mwembamba. Zisipofika, ni mnene. Unene huongezwa kwa kuzungushia utepe chini ya mpira wa mshiko. Joto letu huukausha mpira ukawa mgumu na wenye utelezi, basi uoshwe kwa sabuni na maji vuguvugu, na ukianza kung'aa ubadilishwe. Kati ya marekebisho yote, hili ndilo la bei ndogo.

Limebaki jambo la mahali. Mchezaji wa Arusha, penye mwinuko wa mita 1,400 hivi, au wa Nairobi, uliopita mita 1,600, akishuka Dar es Salaam hupiga saba yake na kuuona mpira ukianguka mbele ya mchanga alioukusudia kuuvuka. Husema hewa ya bahari ni nzito kwa unyevu. Kwa hakika hewa yenye mvuke ni nyepesi kidogo kuliko kavu. Kinachoufupisha mpira ni kushuka kwa mchezaji kutoka milimani kuja pwani, penye hewa iliyoshikamana zaidi, na hesabu ya kukisia ni asilimia 2 kwa kila mita 300. Vyuma vyake ni vizima, na haja yake ni kuchukua sita badala ya saba. Ardhi nayo ina yake: baada ya masika ni laini, na soli pana humwokoa achimbaye, wakati wa kiangazi hukauka ikawa kama sakafu, na soli hiyo hiyo hudunda, makali yakaupiga mpira tumboni. Nayo chumvi ya hewa hii hula chuma laini kila mahali kromu ilipochubuka, basi fimbo zifutwe kwa kitambaa kikavu zitokapo kiwanjani, wala zisilale katika buti la gari, ambako joto la mchana huidhuru gundi pia.

Basi wewe msomaji unayekusudia kuanza, uende kiwanjani kabla ya kwenda sokoni. Muombe mwalimu au kedi akuazime namba 7 tatu zisizofanana, moja ya mpini wa chuma, moja ya grafaiti, moja yenye soli pana. Uzipige kwa poda usoni na kwa mpira uliochorwa mstari, juma moja na la pili, hata alama zianze kukaa mahali pamoja. Andika katika karatasi urefu, ugumu wa mpini na mlalo uliokukubali. Karatasi hiyo uwe nayo mkononi siku utakapoingia dukani, na muuzaji akikusifia jina lililochapwa kisogoni mwa chuma, mwombe kwanza akuonyeshe vipimo vyake.